Kibati cha Gari la Bibi Miwani

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Wewe uliyelipata daftari hili, nakusihi kwa heshima zote: usimsomee mtu. Hata mkeo. Hasa kama mkeo anafanya kazi masijala ya magari. Mimi ni karani huko, mwaka wa pili, na bado sijathibitishwa kazini. Neno moja likitoka, nimekwisha.

Nimeona gari. Jeusi, limemzidi baba yangu umri, limelala uani kwa Bibi Miwani, jirani wa shangazi. Halijapakwa rangi upya hata mara moja. Magari ya namna hii, yakiwa hayajaguswa, wakusanyaji huyagombania. Bibi hajui. Nadhani hajui.

Kanuni yasema karani akitaka kununua gari, aandike kwanza kwenye rejesta ya watumishi. Rejesta inatunzwa na Kalamu Mbili, meza ya pili, ambaye naye hununua magari makuukuu. Nikiandika leo, kesho yuko uani kwa bibi. Sitaandika.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Siku ya kukadiria thamani. Sitaki kumpunja bibi, sitaki kupunjwa. Nilipeleka watu watatu, kila mmoja na saa yake, wasikutane. Fundi alisema injini imebaki ya kuyeyushwa iwe sufuria. Mnunuzi wa vyuma chakavu hakulitazama. Aliuliza tu kama kuna mizani karibu. Mzee Mkusanyaji, mwenye magari manane, alilizunguka, akafungua boneti, akakigusa kibati cha namba ya kiwandani kama anayempima mtoto homa. Nikipata kadi ya umiliki, atalinunua. Akanionya nisiguse kitu.

Bei zao zimepishana kama mbingu na ardhi. Nimezijumlisha, nimegawanya kwa tatu. Haki tupu.

Bibi alipoisikia alicheka mpaka akavua miwani. Akaniuliza, mjukuu wangu, hesabu hiyo umefundishwa shule gani? Akaipandisha. Nikakubali haraka, kwa woga. Akasema kuku aliyeatamia kwenye kiti cha nyuma hayumo katika bei, nisubiri aangue.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Tumetia saini. Faili la gari nimelipata kabatini, kamili, jina la marehemu mume wa bibi, mwandiko mzuri. Mkaguzi anakuja Ijumaa kulinganisha namba ya faili na ya gari. Usingizi sina.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Nimeomba ruhusa, nikasema naumwa tumbo. Kufikia mchana ikawa kweli.

Namba kwenye kibati haisomeki vizuri. Kutu. Mimi hurudisha fomu za watu kwa sababu ya saba inayofanana na moja; nitampelekeaje mkaguzi namba chafu? Nikachukua msasa. Namba ikajitokeza, safi. Tarakimu ya mwisho tu ilikuwa na ukungu. Nikaisugua kidogo. Kidogo tena. Nikapuliza vumbi.

Tarakimu mbili za mwisho hazipo. Chuma kinang'aa, najiona pua.

Sikula. Shangazi aliuliza kama mchumba ameniacha. Nikasema ndiyo. Ilikuwa rahisi zaidi kueleza.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Mkaguzi alikitazama kibati, kisha akanitazama mimi. Alisema wanaofuta namba za magari anawafahamu, wengi wako ndani. Akauliza ninafanya kazi wapi.

Bibi Miwani akajibu kwa niaba yangu: masijala. Kisha akamwambia aache kumtisha mtoto wa watu. Mwizi gani anasugua kibati asubuhi nzima mbele ya mwenye nyumba, tena anaomba maji ya kunywa mara mbili?

Mkaguzi alijizuia kucheka, akashindwa. Akalala chini, akafuta grisi kwenye fremu karibu na gurudumu la kushoto. Namba ile ile, imegongwa kiwandani, nzima. Mwaka wa pili huu nafanya kazi na namba hizi, sikujua kwamba zinagongwa hapo pia. Kadi itatoka. Ila kwenye taarifa aliandika: kibati kimeharibiwa na mmiliki, mtumishi wa masijala.

Jumatatu, tarehe 11 Machi

Taarifa ilipitia meza ya pili. Kalamu Mbili aliisoma kwa sauti. Akasema kaka yetu amevumbua kifutio cha vyuma. Mkuu wa masijala akaniita, akaniuliza rejesta nimeiruka kwa nini. Barua ya onyo. Alisema ya pili itakuwa ya kuagana.

Mzee Mkusanyaji alikiona kibati, akavaa kofia yake. Alipofika getini alinitajia bei, chini ya ile niliyonunulia. Nikamuuzia. Kuku alikuwa ameshaangua.

Jumanne, tarehe 12 Machi

Nimetafakari kwa utulivu. Kosa langu lilikuwa haraka tu. Fundi anasema kuna lori dogo la zamani limesahauliwa kwenye ghala la sabuni, na huenda yako mengine. Rejesta bado iko kwa Kalamu Mbili, kwa hiyo msimamo wangu ni ule ule.

Wewe unayesoma, ukijua gari kuukuu popote, nitafute hivi. Usipige simu ofisini. Njoo dirisha la tatu saa saba kasoro robo, Kalamu Mbili akiwa amekwenda kula. Omba fomu ya kubadili rangi. Nitakuambia zimekwisha; acha maelekezo ya gari lilipo nyuma ya bahasha, uondoke. Gari lenyewe usilisafishe. Kazi hiyo niachie mimi, sasa nina uzoefu. Na nikikana kukufahamu mbele ya watu, usiudhike. Ujue umefika penyewe.