Chumba cha Shabani na Kyanzi cha Bibi

Jumatatu, 4 Machi 1912. Kihanga.

Mwanangu Shabani, salamu nyingi na baada ya salamu. Baba yako mdogo Ramadhani hajambo, kifua kimepoa, mdomo bado. Mkewe Zuena hajambo, amenenepa. Jirani yetu Kokugonza hajambo, anakuulizia. Marehemu baba yako tumemsomea Ijumaa. Mbuzi mweusi hajambo. Yule mweupe alikwenda na chui. Chumba chako hakijambo. Mimi mama yako sijambo, ila usingizi. Wa nyumbani wamekwisha. Nilidhani ni wengi zaidi mpaka nilipowaandika.

Naandika katika daftari uliloliacha, kidogo kidogo. Akipatikana mtu wa Bukoba nitakupelekea. Yasiyokufaa nitayachana.

Habari ya leo mbaya. Ramadhani anakitaka chumba chako. Ngozi zake zinanyeshewa barazani, na wapagazi wa kuzipeleka Bukoba hawajulikani watakuja lini. Asema kijana aliyekwenda kazi ya ukarani asirudi, mwaka wa pili sasa, kitanda chake si kaburi la walii. Nimekataa. Akauliza chumba kina kazi gani. Nikakosa jibu. Ngozi mbichi, mwanangu! Harufu ile haitoki hata ukuta upakwe upya. Ukija utalala wapi?

Jumanne, 5 Machi.

Jibu nimelipata nikiosha mtama. Si uliniandikia kwamba huko Bukoba kuna Mdachi ameweka mikuki na ngoma chumbani, watu wanakuja kutazama? Basi na mimi. Nimemwambia Ramadhani chumba kina kazi: ni Makumbusho. Akauliza ndiyo nini. Nikamwambia ni mahali vitu vya kale vinakaa, na watu wanalipa kuviona. Kusikia kulipa, akaketi. Amenipa mpaka Jumapili. Yasipoleta faida, ngozi zinaingia.

Nimeweka chungu cha chuma alichokuja nacho babu yako kutoka pwani kwa njia ya Unyanyembe. Shanga za buluu. Taa isiyo na kioo. Ubao wako wa chuoni, ule wenye alifu iliyopinda. Kitanda chako nimekisimamisha ukutani, ndicho cha kutundikia. Kiingilio kibaba cha maharage. Nasikia furaha kama bibi arusi.

Jumatano, 6 Machi.

Nimekaa mlangoni toka asubuhi. Hakuja mtu. Aliingia kuku, sikumtoza. Adhuhuri nikaingia mwenyewe, nikajielezea kwa sauti: chungu hiki kilitoka mbali, shanga hizi zilinunua pembe. Nilieleza vizuri sana. Hakuna aliyesikia.

Alasiri akaja Zuena, mikono mitupu. Akasema nusu ya vitu hivi yeye anavyo jikoni na hajawahi kulipwa. Kisha akaazima chungu cha babu yako, ana wageni. Kufika magharibi Makumbusho yalikuwa yananukia maharage ya Zuena, na kiingilio sikuonja.

Ubao ndio nilioutazama zaidi.

Alhamisi, 7 Machi.

Kosa nimeliona. Vitu vyote vyetu sisi tuliotoka pwani. Watu wa hapa watembee toka mashambani waje kutazama taa yangu mbovu? Nitafute chao.

Kokugonza ana kyanzi cha marehemu bibi yake, chombo cha mti cha maziwa, cheusi kwa moshi, na kifuniko cha ukili kilichosukwa kama kofia. Nikampa kaniki yangu mpya, ile ya Idi. Akauliza chumba kinavuja? Nikasema hakivuji. Akauliza usiku kuna moto? Nikasema upo. Nikaona huyu anakipenda chombo chake kupita kiasi. Akakileta mwenyewe kwa mikono miwili, akakiweka pale palipokuwa kitanda chako, akakiambia maneno, akaondoka kinyumenyume.

Zuena kachungulia akacheka. Acheke. Nimenunua kwa halali, kitu ni changu.

Ijumaa, 8 Machi.

Watu! Baada ya sala nikawaona wanashuka njia ya Rugu, wanaume, wanawake, watoto migongoni. Nikajifunga kilemba upya. Nikasimama mlangoni na kibaba changu.

Wa mbele ni Mzee Kazoba, baba mkubwa wa Kokugonza. Akakitazama kibaba, akauliza ni cha nini. Nikamweleza. Hakukasirika, alinihurumia. Akasema, "Mama Shabani, nani anatozwa maharage kumwamkia mama yake?"

Kumbe kyanzi ni cha mama yake mzazi. Na kumbe kwao mwenye kyanzi hufuata kyanzi chake. Kinapokaa ndipo kwake, na wanawe huja kumwamkia hapo. Sikununua chombo, mwanangu. Nimehamishiwa bibi kizee.

Na wageni wa bibi ni wageni wa mwenye nyumba. Nikatoa kahawa ya kutafuna. Haikutosha. Nikapika vitoke, ndizi zao za kupika. Nikatia na maharage yangu mwenyewe, gunia likabaki la kufutia miguu. Wakamsimulia bibi habari zote: nani kaolewa, ng'ombe gani kazaa, nani kagombana na nani kwa mpaka wa migomba. Wakacheka. Nami nikacheka, nyuma yao kidogo, maana Kinyambo chao cha haraka nakishika nusu. Mimi hakuna aliyeniuliza neno. Hata hivyo nyumba ilikuwa na sauti. Walipoondoka nikakaa hapo hapo walipokaa wao.

Jumamosi, 9 Machi.

Wamerudi, na kibuyu cha lubisi, pombe ya ndizi, wammiminie bibi. Ramadhani akatokea na kanzu yake ya msikitini. Akauliza kama nyumba ya marehemu ndugu yake sasa ni kilabu. Nikakimbilia maziwa ya mbuzi. Nikamwambia Mzee Kazoba kwamba mwenye kyanzi ni mtu wa maziwa, pombe ya nini? Akakubali kwamba mama yake hakupenda walevi, hata marehemu baba yao alilala nje mara nyingi.

Lakini maziwa ya mbuzi bibi hayagusi. Ataka ya ng'ombe, kila asubuhi. Ng'ombe sina. Nimesema ndiyo.

Jumapili, 10 Machi.

Siku yenyewe. Ramadhani kaja na mzigo wa ngozi begani. Sakafu akaikuta imetandikwa nyasi mbichi, jamaa wa Rugu wameketi. Akauliza maharage ya kiingilio yako wapi. Nikasema yameliwa. Akasema, "Shemeji, hayo Makumbusho yako yanakula, hayalishi. Nipishe." Akatua mzigo kizingitini.

Mzee Kazoba akainuka, polepole, kwa fimbo.

"Ramadhani, mama yangu alale na ngozi za ng'ombe waliomnywesha?"

Kisha mzee akasema, kama anayezungumzia mvua, kwamba ngozi za Rugu zote ni za wanawe na wakwe zake, na kwamba hata Kiruruma kuna wanunuzi. Ramadhani akaziokota ngozi zake. Sijapata kuona mtu akibeba ngozi kwa adabu vile.

Nimeshinda!

Walipokwenda nikakishika kitanda chako nikilaze tena. Kokugonza akanizuia. Asema kitanda cha kijana hakilazwi anapolala bibi, ni aibu kwa wote wawili. Akanisaidia kukibeba nje. Sasa kitanda kiko barazani. Juu yake Ramadhani ametandaza ngozi.

Jumatano, 13 Machi.

Hakuna aliyekuja toka Jumapili. Wanapalilia. Maziwa nabadilishana kwa chumvi ya duka la Ramadhani, mwenyewe hajajua. Kila asubuhi nampelekea bibi, namwamkia shikamoo, nakaa naye. Habari zako zote anazijua. Hasemi kitu, lakini na wewe husemi.

Zuena kaja leo kwa upole. Kasema, "Dada Adija, acha hila. Mpe kyanzi Kokugonza, ulale." Amenishika mkono. Ni mtu mzuri, sikujua.

Ila nimefikiri. Ghala la Ramadhani, lile la mali ya duka asilotaka linuke ngozi, ni kavu, lina dirisha, kitanda chako kitaenea vizuri. Akitoa mali yake mle, taabu yetu imekwisha. Na nasikia Kiruruma kuna mzee ana mkuki wa babu yake. Leso moja nzuri ninayo bado. Nikiuweka mkuki ghalani siku mbili tatu tu, wenyewe waje kumwamkia babu yao, Ramadhani atahama kwa adabu. Kisha nitawaomba tu wauchukue. Watu waelewa wale. Kesho natoka mapema.

Mpagazi wa Bukoba amepatikana, anasubiri chai. Nijibu upesi, mwanangu, hata kwa mdomo wa mtu, uniambie unakuja lini, kabla babu wa watu hajazoea ghala.