Shemegi, Nakushitakia Kiini cha Yai

Maskati,
Mwezi wa Shaabani, 1390

Kwa ndugu na shemegi yangu mpenzi, Ishaq bin Khalfan, Dubai.

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ama baada ya kukusalimu, nakuarifu kuwa sisi huku sote wazima, homa hatuna, nyumba haivuji, na kazi naipenda. Tatizo letu ni moja tu, nalo ni mayai.

Usicheke, Ishaq. Nakuandikia wewe na si mwengine kwa sababu wewe ndiye uliyekaa mkekani kule Unguja ukanipa mkono na kuniozesha dada yako Mahbuba. Jambo lolote la Mahbuba, mlango wa kwanza kubishwa ni wako. Na unajua kwamba tangu mabadiliko haya ya Sultani mpya nimepata kazi serikalini, nafasiri barua za Kiingereza kwa Kiarabu. Kule ofisini nimefundishwa kwamba lalamiko lisilo na nambari halisomwi. Kwa hivyo yangu nimeyatia nambari, ili hata ukiwa na shughuli zako usipotee.

1. Katika nyumba ya baba yangu, Mzee Bakhit, yai huchemshwa mpaka likaiva. Nakusudia kuiva kwa kweli. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akiyatia sufuriani, akaenda kufua, akaanika, akarudi akakuta maji yamepungua na mayai yanagongana, ndipo akayaepua. Kiini kilikuwa kikavu kama chokaa, kimezungukwa na pete ya kijani, na ukikila lazima uwe na gilasi ya maji karibu. Tumekulia hivyo na hapana aliyekufa.

Miezi michache nyuma, karibu afe mmoja. Baada ya sala ya alfajiri baba alitia kiini kizima mdomoni, na meno unajua hana. Kikamkwama kooni. Akageuka rangi, akawa anapapasa mkeka kwa mikono miwili. Mimi nilisimama nikawa namwita. Mahbuba alimpiga mgongoni kwa kiganja mpaka kikatoka, akamnywesha maji, akamfuta machozi. Baba alipopata pumzi alimwambia yeye, si mimi, "Mwanangu, yai hili lilitaka kunichukua." Naye akamjibu, "Halitokuja tena la namna hii, baba."

Angalia hapo, shemegi. Ahadi imetolewa ndani ya nyumba yangu, mimi nimesimama pale pale, na sikuulizwa.

2. Kuanzia siku ile dada yako akawa hana kazi ila kuyajaribu mayai. Mengine yalitoka maji, mengine yalitoka mawe, mpaka akapata anachokitaka. Hufanya hivi. Huchemsha maji kwanza yatokote, ndipo anayateremsha mayai kwa kijiko, moja moja, kama anayemlaza mtoto. Saa jikoni hatuna. Basi husimama mbele ya jiko akaisoma Tabaraka, kwa utulivu, bila ya kukimbia, tangu mwanzo wa sura hadi mwisho. Akimaliza huyaepua na kuyatia ndani ya maji baridi ya mtungi. Ukilivunja yai, ute umeshikana vizuri, na kiini kimekaa katikati, kizito, chororo kama malai ya maziwa, hakimwagiki wala hakikwami.

Mimi nikaona hapa pana suala la dini. Nikaenda kwa Sheikh Mahfoudh, imamu wa msikiti wetu, nikamuuliza kama yafaa kupimia mayai kwa sura tukufu. Alifikiri sana. Kisha akaniuliza, "Anaisoma sawasawa?" Nikasema ndio. "Na moyo wake upo?" Nikasema upo, hata mimi nikimwita haitiki. "Na kiini kinatokaje?" Nikamweleza. Akasema kusoma ni kheri na kula ni neema, na asubuhi ya pili akaja mwenyewe kuhakikisha. Ikawa huja kuhakikisha kila Ijumaa.

3. Hili linaniuma zaidi. Unakumbuka baba alivyokuwa tangu tuondoke Unguja. Miaka yote hii alikaa kuelekea ukutani. Ukimsalimu, anaitikia; ukimuuliza neno, anasema, "Kheri." Tulikwisha kuzoea. Basi, kwa mayai haya, mzee akawa anaongea. Akichovya mkate ndani ya kiini, akilamba kidole, hadithi zikaanza: shamba letu, punda wetu aliyekuwa akiogopa daraja, mvua za masika, harusi za watu waliokwisha kufa. Majirani wakawa wanakuja na vikombe vyao vya kahawa kumsikiliza.

Ningefurahi, wallahi, lau angehadithia habari za watu wengine. Lakini yeye huhadithia zangu. Mtaa mzima sasa unajua kwamba nilipokuwa skuli nilipanda mkarafuu kumkimbia kinyozi, nikashindwa kushuka, ikabidi kinyozi huyo huyo apande kuniteremsha, naye akaona ya nini usumbufu, akaninyoa kule kule juu. Mimi ni mtu wa serikali, Ishaq. Nikipita sokoni watu wanajishika vichwa.

4. Mkubwa wangu wa ofisini alizisikia habari za mayai, akatamani. Ingekuwa wewe, ungemwalika nyumbani. Mimi nilimwambia, "Usijali, nitakuja kukuchemshia mwenyewe." Nilikwisha kumuona Mahbuba akifanya, na sikuona ugumu wake uko wapi.

Nikaenda kwake asubuhi, nikamkuta na wageni wawili, wote wamekwisha kunawa. Nikasimama jikoni nikaisoma Tabaraka. Lakini, shemegi, mtu anayesubiriwa na mkubwa wake husoma kama mkubwa anavyosubiri. Mkubwa alilivunja yai lake juu ya bakuli, likamwagika maji matupu, likamtiririka mpaka ndani ya mkono wa kanzu. Hakunigombeza. Alijifuta taratibu, akaniambia, "Marhoon, rudi kwenye barua zako."

Nyumbani nikamsimulia Mahbuba. Akaniuliza, "Uliisoma vipi?"

"Kama nnavyosoma siku zote."

"Basi," akasema, na akaendelea kuchambua mchele.

Hiyo "basi" niliichukulia vibaya. Nikamwambia kuanzia kesho, katika nyumba hii, yai litachemshwa kama alivyokuwa akilichemsha mama yangu, na sitaki mjadala. Hakujadili. Alisema, "Wewe ndiye mwenye nyumba."

5. Dada yako alinitii. Hili ndilo lalamiko langu kubwa kuliko yote.

Asubuhi alituwekea mayai makavu, yenye pete ya kijani, na gilasi za maji pembeni, kila mtu na yake. Baba alilitazama lake, akalisukuma, akageukia ukutani. Nikamwambia, "Baba, kula." Akasema, "Kheri." Kesho yake ikawa hivyo hivyo, na iliyofuata pia. Majirani walikuja na vikombe vyao, wakakaa kidogo, wakaondoka. Nyumba ikawa kimya hata nikawa nasikia mtungi unavyodondosha maji. Mahbuba hakununa, hakulia, wala hakunisema kwa mtu. Angenifokea ningejua la kumjibu.

Ndugu yangu Harub akaja kutoka Sib kututazama. Alimkuta baba amekonda shingo. Baba akamwambia, "Nichukue kwako." Kisha akamuashiria Mahbuba kwa fimbo. "Na huyu mchukue. Mimi nna njaa." Kulikuwa kumekwisha kuadhiniwa magharibi. Zamani ningewaambia laleni, lango la mji litafungwa. Siku hizi linaachwa wazi, hata kisingizio sikupata. Mahbuba aliniuliza kama namruhusu kwenda kumtazama baba mpaka apate nguvu. Nikasema nenda. Nilidhani mwenyewe atasema hapana.

Sasa nimebaki peke yangu. Nachemsha mayai mwenyewe, makavu, kama ninavyotaka, na nayala nimesimama, kwani kumkunjulia mkeka mtu mmoja naona uvivu. Sheikh Mahfoudh alipita Ijumaa, akachungulia sufuria, akasema ana haraka. Nimeshinda, shemegi, na ndiyo sababu nakushitakia.

6. Kwa hivyo maombi yangu kwako ni haya. Umwandikie dada yako arudi Maskati kabla ya Ramadhani. Akirudi, arudi na baba. Wakirudi, mayai yachemshwe makavu. Na yakichemshwa makavu, baba ayale kwa raha na aendelee kuongea kama alivyokuwa akiongea juu ya yale mengine, isipokuwa habari ya mkarafuu. Mambo haya nayataka yote kwa pamoja, kwa sababu nimeyapima moja moja na hapana hata moja linalonifaa peke yake.

Kama wewe hutoweza, nitalipeleka jambo hili mbele. Nasikia kila siku inafunguliwa idara mpya. Ya mayai haijafunguliwa bado, lakini itakapofunguliwa nataka faili langu liwe la juu kabisa, na nitalifasiri mwenyewe.

Nisalimie mama watoto wako, Nasriya, na watoto mmoja mmoja kwa umri wao. Nisalimie jamaa wote wa Unguja walioko huko, na kila anayeniuliza. Asiyeniuliza pia msalimie, pengine hajapata nafasi.

Ni mimi shemegi yako, ninayeingojea hukumu yako kwa adabu na kwa njaa,

Marhoon bin Bakhit,
Mfasiri.

Nyongeza, baada ya kutia saini:

Barua hii nimeileta mwenyewe mpaka Sib, kwa kuwa Harub anamjua dereva wa landrova anayekwenda Dubai. Nilikusudia kuikabidhi mlangoni na kugeuza. Lakini kabla sijabisha hodi nikamsikia baba ndani. Alikuwa anahadithia siku niliyozaliwa: mvua imeziba njia, gari hakuna, na yeye ametoka shamba kwa miguu mpaka mjini kwenda kumwambia babu kwamba amepata mtoto mwanamme, na alipofika akamkuta babu amelala, naye akaona haya kumwamsha, akakaa kizingitini na habari yake mpaka kukapambazuka. Hadithi hii sijapata kuisikia maishani mwangu. Nilisimama nje mpaka akaimaliza.

Mahbuba alitoka kumwaga maji, akaniona nimeegemea ukuta. Hakuniuliza nimefuata nini. Alisema, "Ingia. Maji yanatokota." Akanipa kijiko. Nikayateremsha mayai mimi, nikasoma mimi, naye amesimama pembeni yangu, na kila nilipotaka kukimbia alikohoa kidogo. Sikuwahi kujua kwamba sura ile ni ndefu hivyo, wala kwamba ni nzuri hivyo. Viini vilitoka vyororo. Baba alikula lake, akala na langu, akaniuliza kwa nini sikuja mapema.

Basi, shemegi, malalamiko ya kwanza mpaka ya sita yabaki kama yalivyo, lakini usiyafanyie kazi. Mahbuba usimwandikie chochote. Tunarudi Maskati kesho sote watatu, na Harub na watu wake watatufuata kufunga Ramadhani kwetu, kwa hivyo ukiona huko Dubai sufuria pana yenye mfuniko mzuri, mpe dereva atuletee. Barua yenyewe ningeichana, ila nimeiandika vizuri.

Sasa baba ananiuliza namwandikia nani muda wote huu na yai la pili linanipoa. Nimemwambia nakusalimia tu.