Unga Mkavu Niliouweka Kando ya Mtungi

Wenzangu wa chuo, leo nimeaibika mbele ya mzazi, tena kwa somo ninalolifundisha mwenyewe. Someni barua hii mkiwa mmeketi.

Niliwahi kuwaambia kuhusu Habiba, anayeongoza kidato cha tatu hapa Garsen. Babake, Mzee Guyo, mfugaji wa Minjila, alikuja leo kumtoa shuleni. Mafuriko ya Elnino yamemwachia ng'ombe wachache, na faida ya masomo haioni. Nikamwomba aingie kwanza darasani aone bintiye anasoma nini.

Jana nilijiandaa (kwa madaha, nakiri). Nilichoma kopa salfeti, ile chumvi ya buluu ya maabara, juu ya makaa hadi ikawa unga mweupe. Hiyo ndiyo huitwa anhaidrasi. Si kukauka juu juu kama leso kambani, ni maji yaliyo ndani ya chembe zenyewe kutoka yote. Ukiudondoshea maji, unarudi buluu.

Sasa niuweke wapi? Kwetu Wenje, mama huweka kila kitu cha thamani mahali pa baridi, kando ya mtungi wa maji. Nami nikauweka hapo, kwenye kibati, nikaufunika kitambaa. (Mwalimu wa kemia huyo!)

Leo nikasimama kifua mbele. "Mzee, humu hamna hata tone la maji."

Nikafunua. Buluu.

Mzee Guyo akachungulia. "Mwalimu, hii uliweka wapi?"

"Kando ya mtungi, Mzee."

"Mtungi inatoa jasho. Hata sisi, chumvi ya ng'ombe hatuweki hapo."

Darasa likaangua kicheko. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mzee akachukua fimbo yake. "Habiba, twende."

Habiba hakwenda. Alikirudisha kibati kwenye jiko letu la makaa, akawa anamweleza babake kwa Kiorma, taratibu. Unga ukapauka, ukawa mweupe. Ulipopoa, akampa kikombe cha maji. Mzee akadondosha tone moja. Buluu. Akacheka, akadondosha jingine.

"Basi huyu akae," akasema. "Akienda, nani itafundisha mwalimu?"

Nimemsindikiza hadi barabarani nikimshukuru kila hatua, machozi yakinilengalenga. Nikarudi kumshukuru Habiba. Akaniomba kitu kimoja tu: ufunguo wa kabati la kemikali.

Nimempa.