Uzinduzi wa Choo cha Haki

Ninayo furaha kuutangazia umma kwamba maji na choo sasa ni haki ya binadamu. Dunia imekubali, na wizara yetu, isiyopenda kupitwa, imekubali mara mbili: kwanza kwa tamko, kisha kwa fulana.

Mimi ni Mkurugenzi wa Idara ya Haki ya Maji na Usafi. Tusichanganye mambo. Idara ya Maji inashughulika na maji. Sisi tunashughulika na haki. Zamani mwananchi alikosa maji tu. Leo, kwa juhudi zetu, anakosa haki yake ya msingi, na hayo ni maendeleo.

Katika mtaa mmoja mkavu tulijenga choo cha umma: vigae vyeupe, sinki, bomba moja ndani na jingine nje ukutani. Kilipokamilika tukakitia kufuli, maana choo ambacho Waziri hajakizindua si choo, ni jengo. Mama mmoja dobi, anayekaa mkabala, hakulielewa hilo.

“Mwanangu,” alinijia, “mkwe wangu mjamzito. Anavuka barabara kuu kwenda kuomba choo kituo cha mafuta. Jana nusura lori limgonge. Tufungulie basi.”

“Mama, haki yake iko palepale. Haiozi.”

“Haki haiozi, ila mtu anabanwa.”

Nilimsamehe. Elimu ya uraia bado ni changamoto.

Siku ya uzinduzi Waziri alihutubia kwenye jua la utosi, akigugumia chupa baada ya chupa ya maji baridi kuonyesha mshikamano na wenye kiu. Hotuba ilipofika kwenye vizazi vijavyo, nikaona miguu yake inapishana na tumbo limeshikwa. Alikata utepe kwa kasi isiyojulikana katika itifaki, akaingia, akajifungia. Wananchi walipiga makofi. Kumbe bado wapo viongozi wa vitendo.

Makofi yalipokwisha tukasikia bomba la ndani likikoroma. Lilitoa upepo.

“Mkurugenzi,” sauti ndogo ilitoka dirishani, “maji yako wapi?”

“Mheshimiwa, maji yako awamu ya pili.”

“Tafuta ndoo, we mtu, kabla sijakufuta kazi.”

Dobi alikuwa na ndoo moja, imejaa, kaifunika kwa sinia. Nikamsihi afanye ubinadamu.

“Haya kayateka mkwe wangu, na tumbo lake lile,” alisema. “Simpi mtu. Mwambie baba yenu awapigie simu wenye bomba. Sisi hawatupokei.”

Roho iliniuma, sifichi. Waziri akapiga. Mafundi wakaja mbio, wakafungua koki iliyokuwa mtaa wa pili tu, na maji yakatoka bomba la nje. Wanawake wakapanga ndoo zao.

Hapo likazuka tatizo la kitaalamu: presha ni ndogo, na bomba la nje likitoa maji, la ndani halipati hata tone.

“Jamani, fungeni kidogo,” Waziri aliomba. Hakuagiza, aliomba. Sijawahi kumsikia akiomba.

“Subira, baba,” dobi alimjibu, akimsogeza mkwe wake mbele. “Foleni haina mkubwa.”

Nilichungulia hiyo foleni. Ilikuwa imekwishapinda kona, na watu walikuwa bado wanatoka majumbani na madumu.