Kijiti cha kupima maji ya Ruzizi

Jumatatu, tarehe 8 ya mwezi wa saba

Nimepata kazi! Haina malipo, lakini ni kazi. Papa Alphonse, prezida wa komite ya mashindano ya mitumbwi, amenikuta nafua nepi pale muto Ruzizi inapoanzia ku ziwa. Amesimika kijiti kirefu ndani ya maji, kiko na alama moja ya rangi nyekundu. Mimi njo nitakichunga, juu ya vile niko pale kila siku. Maji ikifika ku rangi, Jumapili washindani watapita njia ya mawe, karibu na pale nafulia, iko fupi. Isipofika, watazunguka inje kwa ziwa, kwenye upepo.

Njia ya mawe! Destin, bwana yangu, anapitisha muchanga mule na mutumbwi wake kila siku. Anajua kila jiwe. Kule inje atashindwa, juu Raphaël, ndugu ya Agathe mwenye tunafua naye, ameazima kayaki ya plastiki ya njano, nyepesi sawa kikapu.

Zawadi ya wa kwanza: matela mupya ya kulalia. Ile yetu imetoboka katikati. Mutoto wetu Elodie anateremukia mule shimo akilala, asubui namuvuta na muguu.

Maji leo: kiganja kimoja chini ya rangi. Si kitu. Mungu ananiona.

Jumanne, tarehe 9

Maji imeshuka tena! Destin anasema ni kiangazi, maji haisikilizi mutu. Nimemwambia yeye apige kasia, maji aniachie mimi.

Jumatano, tarehe 10

Nimewaza wakati wa kunyonyesha. Mawazo yangu mazuri yote inakuja vile. Maji inakataa kupanda, sawa. Lakini kijiti kinaweza kushuka!

Nikachukua jiwe, nikakigonga ku kichwa. Kikaingia mu matope, na maji ikafika ku rangi palepale. Sijui kwa nini watu wanasumbuka kuomba mvua.

Papa Alphonse akaja, akavaa miwani, akasema muto umeanza kujaa. Nikamwambia hata mimi nimeona vile. Elodie akacheka mugongoni. Mutoto huyu itabidi nimufundishe kunyamaza.

Alhamisi, tarehe 11

Rangi iko inje! Kiganja kizima! Kijiti kimevutwa juu, na mu matope kuna alama ya sandale yenye kukatika nyuma. Ni ya Agathe. Mutu muzima, mukristo, anagusa kijiti ya komite! Watu wengine hawana haya kabisa.

Nikakigonga tena. Agathe alikuwa anafua pembeni. Akaniuliza kama siku hizi vijiti navyo vinafuliwa. Nikamwambia afadhali kijiti yetu kuliko kikapu ya kuazima. Akaongeza povu ya sabuni.

Ijumaa, tarehe 12

Nimechoka. Mimi nagonga asubui, yeye anavuta mangaribi. Kijiti kimelegea sawa jino ya mutoto. Papa Alphonse anasema hajaona muto ya namna hii, labda iko na homa.

Destin amerudi na hasira. Mutumbwi umekwaruza mawe, na hakubeba muchanga mingi. Anasema maji iko chini kabisa. Nikamwambia aende aangalie kijiti kwanza, kiisha aongee. Akainama kuangalia mikwaruzo ya mutumbwi. Wanaume hawaamini hata kitu kimepakwa rangi.

Jumamosi, tarehe 13

Leo komite inaamua. Nimefua nguo zote za nyumba, hata zile safi, hata pazia, juu nisitoke pale. Agathe naye amefua za kwake zote. Kila mutu anachunga mwenzake, mikono imekunjamana sawa ya wazee.

Papa Alphonse amefika. Rangi ilikuwa ndani ya maji, nilikuwa nimekwisha kukigonga kijiti. Lakini akakuna kichwa.

“Maman Elodie, wewe njo uko hapa kila siku. Maji imefika kweli?”

Nikawaza shimo la matela.

“Imefika, papa. Angalia mwenyewe.”

Agathe akakamua nguo kwa nguvu. Angesema nini? Kwamba anakuja kuvuta mangaribi? Papa Alphonse akatangaza: njia ya mawe. Agathe akabeba beseni yake, akapita karibu yangu.

“Ulale vizuri, Maman Matela.”

Wivu tu.

Jumapili, tarehe 14

Sitaki kuandika. Naandika.

Kiisha misa, watu wote ku maji. Destin alikuwa mbele! Nilipiga kelele mupaka Elodie akalia. Akaingia njia ya mawe na nguvu yake yote, na mutumbwi ukapanda juu ya jiwe langu la kufulia. Ukakaa pale sawa kuku ku mayai. Destin akashuka, akasukuma. Hakuna. Raphaël akapita pembeni na kayaki yake, hata haikukwaruza, na akamusalimia kwa heshima yote.

Kijiti kilikuwa kinasema maji imejaa. Kila mutu aliona! Papa Alphonse amekingoa, ameenda nacho kwake. Anasema muto hii haielewi tena.

Mangaribi Agathe amepita mbele ya mulango yetu na matela ya Raphaël ku kichwa. Njia ya kwake haipiti hapa.

Destin alikunja suruali, akanionyesha chini ya goti.

“Francine, maji ilikuwa mupaka hapa.”

Maskini bwana yangu. Nimemupikia samaki.

Sasa nanyonyesha, na kosa naliona wazi. Niligonga kidogo mno. Wakati wa Noeli kuna mashindano ingine, na Papa Alphonse atasimika kijiti tena. Nimekwisha kuomba nyundo kwa jirani. Hii safari nitakigonga mupaka rangi yote iingie mu matope, na Destin atakuwa na maji mingi ya kupita.

Elodie ameshateremukia mule shimo. Nimemuvuta, nimemwambia avumilie kidogo.