Majina ya Duka la Keki

Kisa hiki ni kweli tupu. Nikitia chumvi hata punje, meno yangu yaliyobaki yang'oke, nayo si mengi ya kuchezea.

Palikuwa na jamaa tukimwita Profesa, ingawa shule aliipita kwa nje. Kazi yake ilikuwa kutembea mitaani shingo juu, akisoma vibao vya maduka mapya. Akiona rangi bado mbichi, anatoa simu, analipia jina lile kwenye mtandao liwe tovuti yake, kisha anarudi kwa mwenye duka amevaa tai.

Ndivyo alivyomwendea Mama Keki, mwenye duka la Keki za Furaha.

"Shikamoo mama. Tovuti ya Keki za Furaha, mwenyewe ni mimi."

"Marahaba. Tangu lini unaoka?"

"Sioki, mama. Namiliki. Ukilitaka jina, tuzungumze."

Akataja bei ya jiko jipya la kuokea, lile hasa Mama Keki alilokuwa akilidundulizia fedha. Na jina alilihitaji: wateja wa maofisini walishasema wataagiza kwa mtandao, la sivyo watahamia kwa mwingine.

Mama Keki hakugomba. Alimwita mchora vibao. "Futa hilo. Andika Keki Laini."

Rangi haijakauka, Profesa kainunua Keki Laini. Mama akafuta, akaandika Keki za Jirani. Profesa akanunua. Keki Moto. Akanunua.

"Mama," mchoraji akauliza, "hili ni duka au ubao wa darasani?"

"Wewe chora, mwanangu. Kuna samaki anameza bila kutafuna."

Majina hayo yana ada, na ada haingoji faida. Profesa akauza saa, akauza na tai. Alipokwisha kuilipia Keki za Malaika, mfuko ulibaki kitambaa tu. Akarudi dukani shingo wazi.

"Mama, nipe chochote."

"Hayo mengine kaa nayo, yatakufaa uzeeni. Lile la kwanza nakurudishia ada yako, na kipande cha keki."

Akalihamisha jina palepale, simu mkono huu, keki mkono ule.

Basi juzi nilikuwa nawasimulia wateja haya, kwenye benchi la duka hilohilo, wanacheka hadi wanashika mbavu. Mama Keki akatokeza, unga hadi viwikoni.

"Shemeji, Keki za Malaika umeijulia wapi?"

"Si ilikuwa kwenye kibao?"

"Haikuchorwa kamwe. Niliitaja mara moja, jikoni, na aliyekuwepo ni wewe, unakunywa chai yangu."

Kicheko kikanihamia mimi.

"Profesa alikuwa anakupa nini kwa kila jina?"

"Kitu kidogo tu, shemeji. Cha vocha."

"Vizuri. Mchoraji hajalipwa rangi. Huyo hapo mlangoni."

Nikatoa pochi, nikalipa rangi ya vibao vyote. Mchoraji akazipokea pesa kwa mikono miwili, kwa adabu zote.

"Asante, mzee. Bado brashi."