Kijiti cha Pamba Kilivyoingia Puani mwa Normand Theriault

Tegeni masikio, enyi wenye pua na enyi mliozaa watoto wenye pua, niwasimulie vita vilivyopiganwa katika ukumbi wa michezo wa shule ya Sorrel Mills, jimbo la Maine, mwezi wa Machi, theluji ikiwa imefika madirishani na korona bado imetukaba koo. Hakuna mfalme aliyeanguka wala mji uliochomwa. Mwanamume mmoja alitiwa kijiti puani. Lakini anayeliona hilo ni dogo hakumwona Normand Theriault.

Huyo Normand, simba wa barabara, mtiisha dhoruba, ndiye dereva wa lori la kusukuma theluji. Mbele ya chuma chake vilima vyeupe vilipasuka, na masanduku ya barua ya raia wema yakalala chini kama askari wa miguu. Nyumbani alikuwa na mkewe Kristy, binti yao Corinne wa miaka minane, na mama yake mzazi, Lucille, mwenye mapafu mabovu, aliyekaa chumba cha nyuma akipumua kwa mtungi wa oksijeni. Tangu ugonjwa uingie, Corinne hakukanyaga chumba hicho. Bibi na mjukuu walipungiana mikono kupitia kioo cha mlango kama wafungwa wa magereza mawili. Lucille alikuwa ameapa: shule ikianza kuwapima watoto kila wiki, hata wasiokohoa, atafungua mlango.

Basi hoja hiyo ikaletwa mbele ya mkutano wa mji. Na sheria ya mkutano wetu ni ngumu kuliko barafu ya Januari: raia hamsemeshi raia mwenzake. Kila neno hupelekwa kwa msimamizi, naye alikuwa mzee Everett Sprague, mkono mmoja nyundo ya mbao, mkono wa pili donati.

Normand akasimama. Ukumbi ukatulia kama ziwa lililoganda.

"Bwana Msimamizi, mtoto anakula, anacheka, anaruka kamba. Mnampima nini? Vuli iliyopita shule ilijaribu. Vijiti vya darasa zima vikatiwa kichupa kimoja, kichupa kikasema kuna ugonjwa, watoto wote wakafungiwa majumbani. Kumbe maabara ilikosea! Hapakuwa na hata mwenye chafya!"

Jeshi lake likapiga miguu sakafuni. Ndipo Kristy, ulimi wa upanga, akainuka kwenye kiti cha pembeni yake.

"Bwana Msimamizi, mwambie mume wangu ugonjwa huu hauji na tarumbeta. Mtoto anaubeba mzimamzima, anampelekea bibi yake. Kosa la maabara lilitukalisha nyumbani. Kosa letu sisi litamzika mama yake."

"Bwana Msimamizi, mwambie mke wangu mama ni wangu, sijamsahau."

"Bwana Msimamizi, mwambie basi aseme kinachomzuia hasa. Nalala naye, nakijua."

Vicheko vikatikisa paa. Everett akagonga nyundo.

"Bwana Theriault, unaambiwa useme kinachokuzuia."

"Nimesikia, Everett! Si huyu hapa ananikanyaga mguu!"

"Pitia kwa msimamizi."

"Si ndiye wewe!"

Hapo shujaa akainamisha kichwa, na sauti iliyozoea kushindana na injini ikawa ndogo.

"Kile kijiti kinafika kwenye ubongo. Corinne bado mdogo. Siwezi kumshika kichwa akitiwa kitu kile."

Akajibu muuguzi wa shule, Joyce Harmon, jemadari wa plasta na barafu ya magoti. "Bwana Msimamizi, mwambie hili pande la mtu kijiti cha shule kinaishia mlangoni mwa pua. Watoto wa chekechea wanajitia wenyewe. Ninacho hapa kimoja. Ajaribu, kama zile ndevu si za kuazima."

Normand akakipokea. Akaushika ule mkuki mwembamba, akawatazama watu wake.

"Enyi wa Sorrel Mills! Nimevuka vilima vyenu katika tufani, siuoni hata mkono wangu. Nikianguka leo, lori mpeni shemeji yangu Duane, ila msimruhusu kurudi nyuma, hajui."

Akashusha barakoa. Akafumba macho. Kijiti kikaingia, kikazunguka; jasho likamtoka, kikahamia tundu la pili. Halafu ikaja chafya, chafya ya kuhamisha misitu, na safu za mbele zikarudi nyuma pasipo nidhamu yoyote. Everett aliitazama donati yake kwa muda mrefu.

"Donati imeondolewa kwenye ajenda," akatangaza.

"Imekuuma?" Kristy akauliza, akimgeukia mumewe uso kwa uso. Sheria ya mababu ilikuwa imevunjwa mchana kweupe. Nyundo haikugonga.

"Inatekenya," Normand akasema, machozi yakimtoka. "Inatekenya tu, mke wangu. Nami muda wote huu..."

Akainua kadi yake ya kura juu kabisa, na kadi za wenzake zikaifuata kama bendera za jeshi lililobadili upande. Hoja ikapita.

Basi na ijulikane kwa vizazi vyote, kutoka mtoni hadi mpaka wa Kanada, kwamba siku hiyo pua moja iliufungua mji. Wiki iliyofuata Corinne akajitia kijiti mwenyewe, akacheka. Majibu yakarudi safi. Akaenda chumba cha nyuma akasimama mbele ya kioo, asijue aanzie wapi, baba yake nyuma yake kavua kofia. Mlango ukafunguka. Lucille akamtazama mjukuu wake kuanzia nywele hadi soksi.

"Mbona umesimama kama mgeni?" akasema. "Ingia basi, ufunge mlango. Joto linatoka."

Corinne akaufunga, naye akiwa upande wa ndani.